Sikio la Kushoto

Bibi yangu alipoanza kupoteza macho hakulalamika sana kuhusu nyuso za watu. Alisema nyingi anazikumbuka, na zile asizozikumbuka hazikuwa na faida kwake. Kilichomuuma ni kutoona ng'ombe. Jioni, mifugo ikirudi, alikaa nje ya nyumba yake kule Kishapu akisikiliza kwato. "Huyo anayeburuza mguu ni yupi?" angeniuliza. Nami ningemwambia. Nilikuwa nimemaliza chuo na sina kazi, kwa hiyo kila nilipokwenda kumtembelea nilifanywa macho yake, na nakiri kwamba ilikuwa kazi pekee niliyoaminiwa nayo.

Mwaka jana, kabla mvua hazijaanza, alinipigia simu nikiwa Geita, pale Kalangalala, ninakoishi na dada yangu anayeshona nguo.

"Mume wangu," alisema, maana ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mtoto, "njoo unigusie ndama."

Nilijua mara moja ni ndama gani.

Kwetu, mtu mwenye ng'ombe anaweza kumpa jirani amtunzie. Mtunzaji anakunywa maziwa na kuchukua samadi ya shamba, lakini ndama wanaozaliwa ni wa mwenye ng'ombe. Miaka ikipita, ng'ombe akiwa amezaa mara kadhaa na mwenye mali ameridhika, mtunzaji hupewa ndama mmoja awe wake kabisa. Haiandikwi popote. Mtu wa nyumba ya mwenye ng'ombe anakwenda, anamgusa ndama mmoja mgongoni kwa fimbo mbele ya watu, na aliyeguswa ndiye. Ukigusiwa dume, umeshukuriwa: utamuuza au utamchinja. Ukigusiwa mtamba, yaani jike ambaye hajazaa, umepewa mwanzo wa zizi. Mwenye zizi anasalimiwa tofauti.

Shida ni kwamba mtunzaji wa bibi alikuwa mwizi wa ng'ombe. Alikamatwa, akahukumiwa, akafungwa, akamaliza kifungo chake, akarudi. Na maksai wawili aliowaiba, kabla ya kuiba wa watu wengine, walikuwa wa babu yangu.

Mimi nilikuwa bado mchanga mgongoni kwa mama, lakini nimesimuliwa habari hiyo mara nyingi hadi nadhani naikumbuka. Waliibwa wakati wa kulima. Babu akakosa wa kuvuta jembe, na nyumba nzima ikalima pamba kwa mikono. Baba mdogo, aliyekuwa amebakiza muda mfupi kumaliza sekondari, aliitwa nyumbani akashike jembe. Hakurudi tena shule. Msimu ulipokwisha alikwenda Geita kuchimba dhahabu, na yuko huko hadi leo.

Wizi wenyewe ulifanywa kwa kisu kidogo. Ng'ombe wa nyumba yetu hupasuliwa ncha ya sikio la kulia, mpasuo mmoja tu. Nyumba ya yule mtu wao hukata ncha ya sikio hilohilo la kulia ikatoka yote, likabaki butu. Ukikata ncha, mpasuo unaondoka nayo. Ng'ombe wa babu alilala wetu akaamka wao, na alipofika mnadani hakuna aliyeuliza. Siku hizi serikali imepita ikiwavalisha ng'ombe hereni za plastiki, nyingine zimeshang'oka kwenye miiba, na watu wa kwetu bado wanaangalia mkato kwanza.

Aliporudi kutoka gerezani hakuna aliyempa hata mbuzi kuchunga. Bibi alikuwa na ng'ombe mmoja aliyekuwa akiharibu mimba kila mara, mwenye bucha ameshakuja kumtazama. Akampeleka kwake. Watu wakacheka: ng'ombe mbovu kwa mtu mbovu, wamepatana. Yule ng'ombe akazaa jike. Akazaa tena jike. Wa tatu ndiye akawa dume. Na katika miaka hiyohiyo mazizi mengi ya jirani yalipata madume tu, hadi pale lambo, kwenye bwawa tunaponyweshea mifugo, vijana wakawa wanasema, "Huko gerezani kuna somo la kuzalisha majike. Twende na sisi tukafungwe."

Mimi nilizisikia habari hizo nikiwa Geita na sikucheka. Nilikuwa nikiamka asubuhi, naangalia simu, naomba kazi, naitwa kwenye usaili nakuta watu wamejaa uwanja mzima, narudi. Sikuwahi kuiba hata kalamu. Nilianza kuamini kwamba bahati ina foleni, na kwamba yule mtu wa Kishapu ameingia mbele yangu bila kuulizwa. Najua ni mawazo ya kitoto. Ng'ombe wa Kishapu hazuii mtu kupata ajira. Lakini mimi nikishaanza kuwaza siachi mpaka nimejichosha.

Kabla ya kusafiri nilikwenda kumwona baba mdogo kwenye duara lake, yaani shimo wanalochimbia. Lilikuwa limejaa maji, na yeye na wenzake walikuwa wamekaa kwenye viroba vitupu wakingoja mtu awaazime pampu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja kuniaga au kuniuliza?"

"Kuaga."

"Wewe hujawahi kuaga tu." Akanisogezea kiroba nikakaa. "Gusa dume. Wale mitamba wawili mama akubali tuwauze, nipate pampu yangu mwenyewe. Hilo la kwanza. La pili, umesoma, hebu niambie. Kifungo chake kilirudisha maksai?"

"Hapana."

"Kilinirudisha mimi shule?"

"Hapana baba."

"Basi kililipa nini?"

Nilifikiria majibu yote niliyofundishwa, kuhusu sheria na jamii na kurekebishwa kwa mkosaji. Hakuna hata moja lililofaa kusemwa kando ya shimo lile.

"Sijasema afe njaa," baba mdogo akaendelea kwa upole. "Anywe maziwa. Alime, avune, aishi na watu. Nikikutana naye nitamsalimia. Lakini bahati? Kuna watu hawajaiba na wamekaa hapa wanatazama maji."

Mmoja wa wenzake akasema, "Usitutaje bila ruhusa." Wakacheka wote, naye akacheka.

Nilifika Kishapu nikiwa bado na lile swali. Bibi alinipa chai na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akasubiri nimeze tonge la kwanza ndipo aanze.

"Baba yako mdogo amekwambia uguse dume."

"Umejuaje?"

"Alinipigia kabla yako. Alidhani wewe utasahau."

"Bibi, na wewe unaona anastahili?"

"Nani, ng'ombe?"

"Yule mtu."

"Mimi nimekuita uguse ndama. Hukuitwa mahakamani." Akapapasa kikombe chake akakipata. "Ninataka mwenye macho aniambie kati ya wale mitamba yupi ana mgongo mrefu. Mengine nimeshayafikiri wakati wewe unasoma."

"Lakini alikuibia."

"Aliniibia. Nilimtukana mpaka siku anachukuliwa. Siku aliyorudi nilivaa viatu nikaenda kumtukana tena. Nikafika pale, nikakuta nimechoka." Alisema hivyo bila huzuni, kama mtu anayesema alikwenda dukani akakuta sukari imekwisha. "Na tena nikimpa mwanangu mtamba, atamtia shimoni. Huko siwezi kumsikia. Mtamba akiwa bondeni kwa yule mtu, nitamsikia akilia."

Sikujua kama hiyo ilikuwa huruma au ubishi wa mama na mwanawe. Hadi leo sijui.

Mchana ulipopoa nilichukua fimbo ya marehemu babu nikashuka bondeni kuwatazama ng'ombe kabla ya siku ya kugusa. Yule mtu alikuwa amechuchumaa kando ya mtamba mkubwa, anamtoa kupe sikioni. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za Geita, za dada, za kazi. Nilipomwambia kazi bado, alisema "pole" na hakuongeza ushauri wowote, jambo ambalo watu wachache sana wameweza.

Mitamba wote wawili walikuwa wazuri. Yule mkubwa alikuwa na mgongo mrefu, rangi ya majivu, na mpasuo wetu ulionekana wazi kwenye ncha ya sikio lake la kulia. Ndama dume alikuwa amefungwa pembeni anakula mashudu.

"Nimesikia umekuja kugusa," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Nakuomba uguse dume."

Nilidhani baba mdogo amempigia na yeye. Lazima uso wangu ulionyesha, maana alitabasamu kidogo.

"Hakuna aliyenituma. Sikiliza. Hawa wakiwa wa bibi yako, kila mtu anajua ni wa bibi yako. Huyu akiwa wangu, nitamkata alama yetu. Halafu siku ng'ombe wa mtu apotee. Yowe la mwano litapigwa, wanaume wote watatoka. Wataanzia wapi?"

"Hapa."

"Hapa. Na watakuta sikio butu." Vidole vyake havikuacha kutafuta kupe. "Baba yangu aliitumia alama hiyo kwa haki maisha yake yote. Mimi ndiye niliyeichafua."

"Si uchague alama nyingine?"

"Mwizi akibadilisha alama, wewe utafikiri nini?"

Nilifikiri. Alikuwa na haki.

"Dume nitampeleka mnadani mchana kweupe, watu wakiona, ninunue mabati. Nitalala usingizi. Mwambie bibi yako asante, wabeja sana, ameshanipa vya kutosha."

Alisema hayo yote mkono wake ukiwa shingoni mwa mtamba. Mtu anayetaka dume angekuwa amesimama kule kwenye dume.

Nilipanda kurudi nikiwa nimechanganyikiwa zaidi. Nilikuwa nimejiandaa kuamua kama mtu huyu apewe bahati au anyimwe. Sikuwa nimejiandaa kwa mtu anayeiogopa. Na nilijiona nimepata njia rahisi: niguse dume, baba mdogo afurahi, mtunzaji alale usingizi, nami nisiwe nimeamua lolote.

Nilimsimulia bibi. Alicheka kwa sauti ya chini.

"Kwa hiyo anataka ng'ombe wa kuliwa kwa sababu anaogopa ng'ombe wa kukaa."

"Ana sababu, bibi."

"Sababu anayo. Yule wa mgongo mrefu ni yupi?"

"Mkubwa. Wa majivu."

"Basi keshokutwa mifugo yote inakunywa lamboni. Utamgusa huyo. Nenda umwambie aje na kisu chake, amkatie palepale. Ila mpasuo wangu wa kulia usiguswe. Butu lake liwe kushoto. Anayetaka kuuliza ametoka wapi, masikio yamwambie."

"Kwao hukata kulia. Hakuna anayekata kushoto."

"Ndiyo maana huyu atakatwa kushoto."

Nilishuka tena bondeni na ujumbe. Yule mtu alinisikiliza hadi mwisho, akatazama chini, akasema, "Mbele ya watu wote?" Nikasema ndiyo. Akaniambia atakuja.

Baba mdogo naye alikuja. Alilala Shinyanga mjini kwa rafiki yake, akatokea lamboni asubuhi na bodaboda, na hakuketi. Wachungaji walikuwa wengi, wengine hawakuwa na mifugo ya kunywesha hata kidogo. Bibi nilimleta nikimshika mkono, tukamkalisha kwenye kigoda.

"Mwangaluka," watu wakamsalimia, naye akawaitikia mmoja mmoja, akiwatambua kwa sauti zao, akiwauliza hali za ng'ombe kabla ya hali za wake.

Kijana mmoja akapaza sauti, "Bibi, na mimi ninataka kukutunzia. Ila nimeiba kuku tu. Nitafaa?"

"Kuku ni kidogo," bibi akasema. "Kaongeze ndipo uje."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilipoisha nikaona wananitazama mimi. Nilikwenda kwa mtamba wa majivu nikamgusa mgongoni kwa fimbo. Mkono wangu ulikuwa mwepesi mno, nikaogopa hawakuona, nikamgusa tena. Mnong'ono ukapita. Baba mdogo alikuwa nyuma yangu, nilimsikia akivuta pumzi.

"Ni mtamba," bibi akatangaza, kana kwamba yeye ndiye anayeona. "Ametoka kwangu kwa mdomo wangu. Akate."

Wachungaji wawili wakamshika mtamba, mmoja pembe, mmoja mkia. Yule mtu akatoa kisu, akakifuta kwenye suruali, akasogea. Mkono wake ukaenda ukashika sikio la kulia.

Waliokuwa wakinywesha mifugo wakageuka. Hata ng'ombe waliokuwa wakinywa niliona kama wameacha. Alilishika ncha, palepale penye mpasuo wetu, kidole gumba juu, kidole cha shahada chini, kama mtu aliyefanya hivyo mara nyingi. Bila shaka alikuwa amefanya hivyo mara nyingi.

"Ameshika lipi?" bibi akauliza.

Mimi ni mtu ambaye hata akiulizwa saa ngapi hufikiria kwanza anayeuliza anataka kufanya nini. Lakini pale nilijibu kabla sijawaza.

"Bado hajashika, bibi."

Yule mtu aliutazama mkono wake. Sijui aliutazama kwa muda gani. Aliachia, akazunguka mbele ya uso wa mtamba, akashika sikio la kushoto, akakata mara moja. Mtamba akarusha miguu, wachungaji wakamkazia. Damu kidogo ikachuruzika, akapaka majivu aliyokuwa amefunga kwenye kitambaa. Kipande kikaanguka kwenye tope, mbwa akakidaka.

"Sasa?" bibi akauliza.

"Amekata la kushoto. La kulia lipo lilivyokuwa."

"Wabeja," bibi akasema. Watu wakaanza kuzungumza tena.

Baba mdogo akaja akasimama ubavuni kwangu. "Umeona?"

"Nimeona."

"Na umemdanganya mama yangu."

"Ndiyo."

Nilitegemea aniambie jambo. Badala yake alikwenda kwa bibi, wakanong'ona, na alipoondoka alikuwa amepewa yule dume akauze, pampu akaitafute kwa njia hiyo. Yule mtamba mdogo bibi hakumtoa. Baba mdogo alimwongoza dume mwenyewe kuelekea mnadani, wala hakumsalimia mtunzaji, ingawa aliwahi kuniambia angemsalimia.

Nimeuwaza sana ule mkono. Siku nyingine naamini ulikwenda kulia kwa mazoea tu, kama mtu aliyehama nyumba anavyojikuta njiani kuelekea nyumba ya zamani. Siku nyingine nawaza kwamba kwa muda mfupi alitaka kweli kukata pale, awe na ng'ombe mmoja asiye na historia ya mtu mwingine sikioni. Sikumuuliza. Niliporudi Geita nilimsimulia dada yangu yote, naye, sindano mdomoni, akasema, "Si alikata kushoto? Basi." Kwake ilikuwa imekwisha.

Pamba ilipokuwa inakaribia kuvunwa, bibi alinipigia. Ng'ombe wa mtu wa kijiji cha pili alipotea usiku, mwano ukapigwa, na wanaume wakaenda moja kwa moja bondeni, kama yule mtu alivyosema wataenda. Walimkuta ameshafungua zizi, amekaa nje akiwangoja. Wakammulika mtamba kwa tochi, wakashika sikio la kulia, wakashika la kushoto.

"Halafu?"

"Halafu wakaondoka. Ng'ombe alipatikana kwenye pamba ya mwenyewe, ameshiba."

"Walimwomba radhi?"

"Walimwomba maji. Akawapa."

Bahati niliyokuwa nikimwonea wivu ilikuwa hiyo: ng'ombe ambaye watu watakuja kumshika masikio kila mwenzao akipatwa na hasara, labda hadi azeeke. Mimi nisingeweza kuibeba. Na bado, bibi aliniambia, asubuhi ile yule mtu alimpeleka mtamba malishoni akiimba.

Kazi bado sijapata. Wiki iliyopita nilipita kwenye duara la baba mdogo. Pampu inafanya kazi, kelele tupu, na shimo limeanza kukauka ingawa dhahabu haijaonekana. Nilikaa kwenye kiroba changu. Tulizungumza habari za dada, za mvua, za watu wa nyumbani. Nilipoinuka kuondoka akaniuliza, akiwa amenipa mgongo anaangalia mpira wa maji, "Yule mtamba ameshapandwa?"

"Bibi anasema ana mimba."

Akasogeza mpira kwa mguu, ukatulia.

"Akizaa dume utaniambia."

"Na akizaa jike?"

Aliendelea kutazama maji yakitoka, ya udongo, mengi, yakishuka kwenye mfereji waliouchimba wenyewe.

"Na jike pia utaniambia," akasema.